Opereta wa Chini ya Ngazi

Dada yangu alifanya kazi chini ya ngazi za hospitali kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hospitali nzima ilimjua kwa sauti tu. Ukipiga simu pale, ni yeye aliyekupokea. Anakuuliza unataka kuongea na nani, anachomeka waya, anasikia upande wa pili umepokea, basi, anajitoa. Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha. Zamani kilikuwa stoo ya mifagio, na ukiingia ghafla bado ulinusa dawa ya kupigia deki. Madaktari walimwita Sauti. Siku moja alipanda lifti na mkuu wa upasuaji, mtu aliyeongea naye mara kumi kwa siku, na yule bwana akamwuliza kwa upole amekuja kumtazama mgonjwa gani.

Dada alicheka alipotusimulia. Mimi sikucheka. Mimi ni kinyozi, na kazi yangu ni sura za watu. Niliona hospitali nzima imekosa adabu.

Ila nisimsingizie mtu, dada mwenyewe ni wa kuota mchana. Yuko hapa, hayupo. Utamkuta jikoni ameshika mwiko, sufuria inafoka mpaka inazima moto, naye anatazama ukuta. Ukimwuliza kulikoni, anasema anamfikiria bwana mmoja aliyepiga simu asubuhi kuuliza kama wagonjwa wa macho wanaruhusiwa kusomewa barua. Alimwunganisha na wodi, akachomoa waya. Sasa barua ilisema nini? Nani aliisoma? Hapo ndipo sufuria inapofoka. Binti yake, ambaye ana miaka kumi na sita na mdomo alioupata kwa mjomba wake, ameshazoea. Anaipua sufuria, anaiweka kando, anamwacha mama yake arudi kwa wakati wake.

Basi, mwezi ule ikaja barua kutoka kwa mkuu wa utumishi. Kumenunuliwa mtambo mpya utakaopokea simu wenyewe, na chumba cha chini ya ngazi kitafungwa mwisho wa mwezi. Ipo nafasi moja mapokezi, kwenye mlango wa mbele. Anayeitaka aandike maombi, kisha aje kwenye usaili siku ya Ijumaa. Waliomba watu saba. Dada akishindwa, hana kazi, na mwenzenu ndiye ndugu pekee wa kumsaidia. Vichwa vya watu havioti nywele haraka eti kwa sababu kinyozi ana shida.

Tukaanza mazoezi Jumapili, sebuleni kwake. Nilikaa nyuma ya meza nimekunja uso kama bosi, binti kando yangu ameandika maswali kwenye daftari. Nikamwambia dada atueleze habari zake. Akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Nikarudia. Mimi huyu, tumbo moja, niliyemwona aking'oka meno ya utoto, nilikuwa nimemtia bubu kwa kumtazama tu.

Binti akasema mama ageukie ukuta. Dada akageuka, na maneno yakatoka yamenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Alieleza kazi yake tangu siku ya kwanza, jinsi ya kumtuliza anayelia, jinsi ya kumtambua mlevi na mgonjwa ambao wote wanakokota maneno. Tulimsikiliza mpaka tukasahau kuuliza. Akigeuka kututazama, kimya.

Nilimwambia mficha uchi hazai. Akasema anajua, ila mtu akimtazama anahisi aliyeitwa ni mtu mwingine kabisa na yeye ameingia kwa makosa.

Nililala na jambo hilo, na asubuhi jibu nikalikuta dukani kwangu ukutani. Kinyozi hatazamani na mteja. Unasimama nyuma yake, yeye yuko mbele, mnaonana kwenye kioo. Na watu kwenye kile kiti husema mambo ambayo wake zao hawajayasikia, kwa kuwa kioo hakimtolei mtu macho. Nikamwambia dada akitoka zamu aje dukani kila alasiri, saa ambayo hakuna wateja.

Wiki ile ilipita kama usingizi mwepesi. Alasiri hizo jua huingia dukani kwangu kwa mshazari, linapita juu ya chupa za mafuta na spiriti, na nywele ndogondogo zilizobaki hewani zinaelea ndani yake bila haraka. Redio nimeishusha mpaka inanong'ona. Dada amekaa kwenye kiti, nimemfunga shuka jeupe shingoni kwa mazoea, mimi nyuma na kitana mkononi bila kazi nacho. Namwuliza swali kwenye kioo, ananijibu kwenye kioo. Kwanza aliongea na kidevu changu. Jumanne akafika puani. Jumatano akanitazama machoni, akatabasamu, na mimi nikaona haya, maana sikukumbuka ni lini dada yangu alinitazama hivyo.

Siku hiyohiyo alisinzia kitini katikati ya swali. Sikumwamsha. Alipozinduka alinisimulia alichoota: yuko kwenye korido ndefu nyeupe isiyo na mwisho, milango pande zote, na nyuma ya kila mlango mtu anaanza kusema jambo. Anasukuma mlango asikilize zaidi, anakuta chumba kitupu na dirisha wazi. Anaenda mwingine, vilevile. Alisema hakuogopa, alichoka tu, na miguu ilikuwa myepesi kama anatembea juu ya pamba. Nikamwambia akiwaeleza hayo Ijumaa watampeleka wodi ya vichaa, tena kwa lifti.

Majibu nilimtungia mimi. Kwa nini unataka kazi hii? Kwa sababu mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma na kufanya kazi na watu wa aina zote. Binti alisema hayo yameandikwa kwenye kila barua ya kazi duniani. Nilimwambia yameandikwa kwa sababu yanafaa. Dada aliyakariri yote, na Alhamisi aliyatema kwenye kioo bila kukwama hata neno. Jioni nilijisifu mbele ya wateja watatu. Sikufikiria hata kidogo kwamba kiti changu sikuwahi kukigeuza.

Ijumaa nilifunga duka nikamsindikiza. Alivaa gauni la kijivu, akawa mzuri, na nilimwambia. Nilibaki kwenye benchi la korido. Yaliyotokea ndani alinisimulia mwenyewe, na mengine niliyapata kwa matroni.

Walikuwa watatu mezani: mkuu wa utumishi, daktari mmoja wa makamo, na matroni, yaani mkuu wa wauguzi. Mkuu wa utumishi akamkaribisha na kumwuliza habari zake. Ukutani, upande wa kulia, palikuwa na kabati la mafaili lenye milango ya vioo. Dada akazungusha kiti chake taratibu, akakaa sawasawa kulielekea kabati, akawatafuta wote watatu kwenye kioo, akaanza kujibu.

Alijibu vizuri sana, kwa muda mrefu. Wale watatu waligeuza shingo kuangalia kabatini kuna nani. Mwishowe daktari akamwuliza kwa adabu zote, "Samahani mama, unaongea na sisi?"

Dada akashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Akageuka. Macho sita yalikuwa yanamtazama, na kila nilichomkaririsha kikamtoka. Mkuu wa utumishi, nadhani kwa kumhurumia, akaruka maswali mengine akamwuliza lile la mwisho: kwa nini anaitaka kazi hii?

Matroni akasukuma glasi ya maji mbele yake, dada akanywa. Halafu akasema la kwake.

"Nina mianzo mingi mno. Watu wananiambia neno la kwanza, nawaunganisha, naondoka. Miaka kumi na tisa sijasikia mwisho hata mmoja. Mlango wa mbele watu wanaingia, na wanatoka. Nataka kuwaona wakitoka."

Matroni alimwuliza kama kuna mmoja anayemkumbuka zaidi. Dada hakufikiria. Miaka tisa iliyopita, Jumamosi asubuhi, alipiga simu mtoto wa kike, hata miaka saba hajafika. Aliomba aongee na mama yake aliyelazwa, anataka kumwuliza ufunguo wa kabati la sukari uko wapi, maana wadogo zake wanataka uji. Alimwunganisha na wodi ya nne. Alisikia muuguzi amepokea. Akachomoa waya. Tangu siku ile, alisema, hakuna wiki iliyopita bila kuwaona wale watoto akilini wakinywa uji wenye sukari.

Matroni alivua miwani. Mkuu wa utumishi akataka kusema kitu, yeye akamzuia kwa mkono.

"Niliyepokea ni mimi," akasema. "Mama yake alikuwa amefariki alfajiri ileile. Mwili ulikuwa bado kitandani. Sikuweza kumwambia mtoto. Nilimwambia mama amelala, na kwamba amesema watafute juu ya kabati, maana mimi nyumbani naweka pale."

Dada akauliza kama waliupata.

"Sijui," matroni akasema. "Alishukuru, akakata simu. Sijawahi kumwambia mtu."

Dada ananiambia kwamba hapo ndipo alipowaona watoto wale wakitoweka, mmoja mmoja, na uji wao, na kwa mara ya kwanza hakutaka kufumba macho. Alikuwa anamtazama matroni usoni, akilia bila kujificha, na matroni anamtazama yeye.

Ni daktari aliyeingilia. Alisema kwamba mapokezi si mahali pa kupona tu, mama, miisho ya namna hiyo inapita pale kila siku, na wenye kufiwa wanatokea mlango uleule. Je, bado anaitaka kazi?

"Naitaka," dada akasema. "Akija mtoto kama yule sitamwunganisha na mtu. Nitamshika mkono nimpeleke mwenyewe, na nitakaa naye mpaka aambiwe ukweli."

Alipotoka macho yalikuwa mekundu, nikajua tumeanguka. Nilishaandaa maneno ya kumfariji, kwamba riziki haivutwi kwa kamba, kwamba duka langu halikosi kona ya kuweka kiti cha pili. Akaketi karibu yangu, akanisimulia yote, mpaka la kabati. Nilijilaani kwa kioo changu. Alisema nisijilaani, kwani bila kioo asingefika hata kwenye kile kiti.

Hatukuwa tumeinuka mlango ulipofunguliwa tena. Akatoka mama mnene wa sare nyeupe, miwani mkononi. Watu wengine sita walikuwa kwenye mabenchi wakisubiri zamu yao, wakakaa sawa, lakini yeye aliwapita akaja moja kwa moja kwa dada, akaketi kando yake kwa uzito wa mtu aliyesimama maisha yake yote. Walikaa hivyo, mabega yamegusana. Miaka kumi na tisa walikuwa wameongea kila siku, kwa simu tu.

Hatimaye matroni akasema wengine lazima nao wasikilizwe, ndiyo utaratibu, na majibu yatabandikwa ubaoni jioni. Akavaa miwani yake, akainuka.

"Lakini mimi kura yangu nimeshaipiga," akasema, "na daktari pia. Jumatatu uje saa moja kasorobo. Na uvae viatu vya chini, mwenzangu, maana huko mbele utatembea sana."