Kipa Aliyekataa Kubaki Mgonjwa

Daktari wa mifupa alipomwambia Selipher Awino kwamba goti lake limepona, hakushangilia. Aliuliza tu, "Umeshawaambia klabu?" Daktari akasema bado. Selipher akamshukuru, akaiacha lifti, akashuka kwa ngazi polepole huku akiusikiliza mguu kama mtu anayesikiliza mvua kujua imekatika au la.

Tuliishi naye jengo moja, mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh, na kwa miezi mingi nilimsikia akipanda ngazi zile. Kwanza kwa magongo, halafu kwa kushikilia ukuta, halafu akiwa amebeba madumu ya maji ya majirani wa juu. Watu walimwona mkarimu. Kumbe alikuwa anatafuta uzito wa kuujaribia mguu.

Alikuwa kipa wa hoki ya barafu. Najua inavyosikika. Mimi pia nilicheka siku ya kwanza aliponieleza, mwanamke wa Kondele, Kisumu, kulinda goli juu ya barafu katika mji ambao kiangazi huwezi kugusa kitasa cha gari. Lakini maisha yake yalikwenda hivyo bila yeye kuona ajabu. Akiwa msichana Nairobi alifundisha watoto kuteleza kwa viatu vya magurudumu kila Jumapili, katika maegesho ya magari. Baadaye akapata kazi kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli, akajifunza hoki pale kwa sababu timu ilikosa mtu wa kusimama golini. Riyadh aliletwa kuwa mwalimu wa kuteleza kwenye duka kubwa. Ligi ya wanawake ilipoanzishwa, yenye timu mbili Riyadh na mbili Jeddah, timu ya Samumu ikampa mkataba. Samumu ni jina la ule upepo wa moto wa jangwani, na wachezaji wenyewe walilifanyia utani.

Aliumia mechi ya tatu. Mshambuliaji alimwangukia, kano ya goti ikakatika, na sauti yake, alisema, ilikuwa kama ya muwa unaovunjwa.

Hapo ndipo kanuni zilipoingia maishani mwake. Kila klabu ina kikomo cha mishahara, yaani mishahara ya wachezaji wote ikijumlishwa haipaswi kuvuka kiwango fulani, ili klabu ya tajiri isinunue kila mtu. Lakini mchezaji akiumia kwa muda mrefu, huwekwa kando kwenye orodha ya majeruhi. Anaendelea kulipwa, ila mshahara wake hauhesabiwi tena, na klabu inaruhusiwa kuajiri mwingine mahali pake. Tena katika mechi za mwisho za kuwania kombe, kikomo huondolewa kabisa.

Meneja wa Samumu, Yassir, mtu wa Mombasa mwenye maneno laini, alimuuliza nani anaweza kuchukua nafasi. Selipher alimtaja Priscah, mwanafunzi wake wa tangu maegesho. Priscah akaja, akapata ikama, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi Saudia, akasimama golini akiwa amevaa vifaa vya Selipher kwa sababu yeye hakuwa na vyake. Kukinga miguu tu kunahitaji makinga mawili manene kama magodoro ya watoto, na Selipher aliyaita hivyo hivyo, magodoro. Aliyakaza mwenyewe kwenye miguu ya Priscah, mkanda kwa mkanda. Akamfundisha tena na desturi yake: kabla mechi haijaanza, gonga mlingoti wa kushoto kwa fimbo, kisha wa kulia, kisha wa kushoto, ujue nyumba yako ina upana gani.

Priscah akawa hafungiki.

Siku aliyotoka kwa daktari, Selipher alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Yassir.

"Dada Selipher! Karibu, karibu. Goti laendeleaje?"

"Limepona."

Yassir akainuka akafunga mlango. "Taratibu basi. Usilitangaze kama mnadi samaki."

"Si ni habari njema, bosi?"

"Ni njema wallahi, lakini si sasa. Ukipona leo, mshahara wako warudi kwenye hesabu leo, nami nitakuwa nimevuka kikomo. Itanibidi nimwache mtu. Wewe kaa. Kula, lala, piga simu nyumbani. Mechi za kombe zikifika, kikomo hakuna, nitakuwa na makipa wawili. Nani mwingine ana makipa wawili?"

"Na nitacheza?"

"Priscah akiumia, Mungu apishe mbali."

"Na asipoumia?"

Yassir akatabasamu kwa huruma ya kweli, nadhani. "Mkataba wako si utaisha salama, dada? Wangapi hapa wanalipwa kwa kupumzika?"

Hilo ndilo kila mtu alimwambia. Mama yake kwa simu kutoka Kondele alimwambia amshukuru Mungu na anyamaze. Nyambura, aliyefanya kazi za ndani ghorofa ya pili na kupanda kwetu kunywa chai Ijumaa akipewa ruhusa, alimcheka waziwazi.

"Aki Selipher, mimi nikikohoa tu, madam ananiuliza kama nimekuja Saudia kukohoa. Wewe unalipwa ukae kitako, na umenuna!"

"Nyambura, wewe wakikulipa usipike tena maisha yako yote, utafurahi?"

"Kabisa! Nipe karatasi niweke sahihi!"

Tulicheka wote. Kisha Selipher akasema, bila kuinua sauti, "Nina miaka thelathini na tatu. Mkataba ukiisha sijasimama golini mwaka mzima, hakuna klabu itakayoniuliza jina. Hawatasema kipa aliyepona. Watasema yule aliyeumia." Nyambura akaweka kikombe chini.

Njia ilikuwa moja. Kanuni za ligi zilimruhusu majeruhi kuomba apimwe na daktari wa ligi mwenyewe, siku yoyote ya mechi, mbele ya timu zote mbili. Akipita, amepona, meneja apende asipende. Klabu iliyovuka kikomo ilipaswa kuchagua nani wa kumwacha kabla mchezo haujaanza. Na Marijani, timu moja ya Jeddah, ilikuwa na nafasi ndogo iliyobaki chini ya kikomo chake, na kipa wake alikuwa amerudi kwao. Kocha wao alishamwambia Selipher kwamba angempokea hata kesho kwa kile kidogo walichonacho, mradi Samumu imwachie. Samumu haikutaka kumwachia. Kipa wa akiba anayelipwa nje ya hesabu ni mali.

Kwa hiyo mpango wake ulikuwa ni kumlazimisha Yassir achague, akitumaini hatachaguliwa yeye. Sijui kama umewahi kuomba jambo la namna hiyo, kwamba watu uliowatumikia wakuone hufai. Aliniambia akiwa anakunja nguo za safari.

"Na akimwacha Priscah?" nilimuuliza.

"Hawezi. Priscah ni kijana, mshahara wake ni mdogo, na ndiye anayeshinda mechi. Yassir si mjinga."

"Lakini akikasirika?"

Alikunja shati lile lile mara ya pili. "Ndicho ninachoogopa," akasema. "Ikama yake iko mikononi mwao. Mimi ndiye nilimwita."

Samumu walikwenda Jeddah kucheza na Marijani. Yassir mwenyewe alimwomba Selipher asafiri nao amkaze Priscah magodoro na aonekane kwenye picha ya timu. Mimi nilikwenda kwa basi pamoja na mashabiki wachache, na alasiri ile nilikaa safu ya pili nikiwa na koti, wakati nje joto la bahari lilikuwa linaloanisha mgongo wa kila mtu.

Wachezaji walipotoka kupasha mwili moto, Selipher alivuka mkeka wa mpira hadi kwenye benchi alipokaa daktari wa ligi, mama mmoja wa Kimisri, akazungumza naye. Daktari akasimama akamwita mwamuzi. Yassir alikuja mbio, kimoja cha viatu vyake kikiteleza ukingoni.

"Dada, wafanya nini? Mbele ya watu!"

"Naomba kupimwa, bosi."

"Huna vifaa!"

"Ninavyo. Amevivaa Priscah."

Priscah alikuwa golini, kofia ameinua, amesikia. Akaja polepole hadi ukingoni. Kutoka nilipokaa niliuona uso wake vizuri tu, na haukuwa uso wa mtu anayejua atafanya nini.

"Kochi," akasema. "Ulinileta hapa."

"Nilikuleta."

"Sasa unanirudisha?"

"Sitakurudisha. Lakini siwezi kukuapia, kwa sababu si mimi ninayeamua. Naweza kukuambia tu kwamba nikikaa, nimekwisha."

Yassir akaingilia. "Priscah, usivue chochote. Halas, mechi inaanza. Ukivua na huyu akapita, mmoja wenu leo analala bila mkataba, na nikikasirika sijui nitamtaja nani!"

Priscah alimtazama Yassir, akamtazama Selipher, kisha akaketi juu ya ukingo akanyoosha miguu mbele ya mwalimu wake kama alivyozoea kila mechi.

"Fungua wewe," akasema. "Mikanda ya nyuma mimi sifikii."

Selipher akapiga magoti kwenye mkeka, kwenye goti lile lile, akafungua mkanda mmoja mmoja. Nilifikiri juu ya mara zote alizoikaza mikanda ile kwa mikono yake, akimwandaa mwingine kwa kazi yake.

Kupimwa hakukuwa kwa sherehe. Daktari alimwambia aanguke kwa magoti mawili na kuinuka, tena na tena, halafu ateleze kiupande kutoka mlingoti hadi mlingoti. Kisha wachezaji wa Marijani wakampigia kile kisahani cheusi cha mpira, kwanza kwa heshima. Selipher akainua kofia.

"Mnanipigia kama bibi yenu! Pigeni!"

Wakapiga. Vingine vilipita. Vingi havikupita. Cha mwisho kilikuja chini upande wa mguu ulioumia, akautupa mguu ule kwa nguvu zote hadi nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa amesimama, kisahani kiko chini ya godoro.

Daktari akamwambia Yassir maneno machache kwa Kiarabu. Selipher alikuwa amepona.

Yassir alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Wasichana wawili walisimama mbele yake, mmoja ana vifaa, mwingine ana soksi. Nilimwona Selipher akimtazama Priscah, si Yassir, na midomo yake ikisogea.

"Priscah anabaki," Yassir akasema. "Selipher, umeachiwa. Yalla, mpeni mtoto vitu vyake."

Selipher akaitikia kwa kichwa mara moja. Alipata alichokiomba, na niliona bega lake likishuka kidogo, kama mtu aliyesukuma mlango akidhani umefungwa kumbe uko wazi. Kisha akaketi, akavua magodoro, akayarudisha kwenye miguu ya Priscah.

"Ni yako haya," Priscah akasema.

"Utacheza na nini, na blanketi? Hawa Marijani watanitafutia ya zamani."

"Utakaa Jeddah?"

"Kuna chumba kusini, mtaa wa Karantina. Hakina kiyoyozi kizuri. Mimi ni mtu wa barafu, nitakufa huko," akasema, na Priscah akacheka huku anafuta pua kwa glavu.

Wiki chache baadaye Marijani walikuja Riyadh. Nilikwenda na Nyambura, ambaye alikuwa amemwambia madam anampeleka jirani hospitalini. Makipa katika mchezo huu hawakutani. Mmoja husimama huku, mwingine kule, wanatazamana mchezo wote. Kabla ya filimbi, Selipher, akiwa na magodoro yaliyochanika ya rangi isiyojulikana, aligonga mlingoti wa kushoto, wa kulia, wa kushoto. Upande wa pili wa barafu, milio mitatu ikajibu.

"Nani atashinda?" Nyambura akaniuliza.

Nilimwambia sijui. Kisahani kiliangushwa katikati, wachezaji wakakimbilia upande wa Selipher, naye akainama akakingoja.