Nusu ya Kijiti cha Kiberiti

Nakumbuka Jumatatu moja ya miaka ile ya foleni za sabuni, mwanangu, na nimeikumbuka tena kwa sababu yako. Ulipokuja Krismasi ulifungua kompyuta yako mezani kwangu, ukanionyesha kibao cha saketi unachokichora chuoni. Mashine ikaweka alama nyekundu: tundu limeikaribia mno shaba. Ukacheka, ukasema, "Mama mkubwa, hii kanuni naweza kuizima tu." Mimi nikakuongezea chai. Mchana huo huo ukapanda basi, nyumba ikabaki na mimi na saa ya ukutani. Basi nimechukua daftari. Mimi ni wa darasa la saba, sijui kama nitaandika vizuri, lakini mficha uchi hazai.

Zamani hizo nilikuwaga fundi redio hapa Kitaji, kwa Mzee Mafuru. Tulikuwa wawili chini yake, mimi na Magesa wa Kiriba. Vipuri havikuwepo madukani, kwa hiyo vibao tulivitengeneza wenyewe. Mimi nachora njia za umeme kwa rangi ya kucha, juu ya bamba lenye shaba pande zote mbili. Tunalitumbukiza kwenye dawa inayokula shaba isiyopakwa rangi. Halafu Magesa anatoboa matundu, anapitisha waya kutoka upande huu kwenda upande wa pili, anachomelea kwa lehemu. Ile shaba pana inayobaki, inayoungwa na upande hasi wa betri, tuliiita uwanja. Waya wa tundu ukiwa umebeba umeme wa upande chanya, haufai kuukaribia uwanja. Kipimo cha mzee kilikuwa kijiti cha kiberiti. "Kijiti kilale katikati bila kugusa huku wala huku," alikuwa anasemaga. "Kisipolala, futa, chora upya."

Lakini hata kiberiti kilikuwa cha kutafuta. Watu walipasua kijiti kwa urefu, kwa wembe, ili kimoja kiwashe mara mbili. Kwenye mkebe wetu wa brashi vilikuwamo vya aina zote, vizima na nusu.

Jumatatu hiyo ililetwa amplifaya ya kwaya ya Kiriba, inayotumia betri ya gari. Kibao chake kilikuwa kimeungua. Mama yake Magesa aliimba kwenye kwaya hiyo, kwa hiyo kazi ilikuwa kama ya nyumbani kwake. Bamba lilibaki moja tu, dogo, lililopita kwa magendo mpakani Sirari, kwenye mfuko wa mtu. Nilichora, nikafuta, nikachora tena. Tundu moja likakataa kuenea. Nikachukua kijiti kingine mkebeni, kikalala vizuri. Mwanangu, nataka niwe wa haki, hata kwangu mwenyewe: sikupekua mkebe nikitafuta chembamba. Ila kilipokuwa vidoleni nilisikia kuwa ni nusu. Nilisikia.

Magesa akakiinamia kibao. "Nyamisi, hapa mbona pamebana? Kwetu ziwani unyevu unaingia mpaka kwenye kopo la chumvi."

"Kijiti kimepita."

"Kimepita au kimepitishwa?"

"Choma lehemu bwana, nani kakupa ukaguzi?"

Akacheka, akachoma.

Mimi mtu wa Butiama. Kwetu kitu kikianikwa kinakauka. Na kweli, kiangazi chote amplifaya iliimba. Mvua zilipoanza, Jumapili moja katikati ya wimbo, ikafuka moshi. Sikuwepo, niliambiwa. Mwalimu wa kwaya alimgeukia Magesa mbele ya kanisa zima: "Ndugu yetu, tulikutuma amplifaya, umetuletea jiko?" Watu wakaangua kicheko. Mama yake akaketi, hakuimba tena siku hiyo.

Mzee akaifungua. Kati ya tundu na uwanja palikuwa peusi kama mkaa, na lehemu imeyeyuka, imetapakaa.

"Lehemu ilimwagika," akasema. "Huu ni mkono wako, Magesa."

Magesa alinitazama mimi, akangoja. Mimi nilikuwa nafuta meza. Meza ilikuwa safi, mwanangu, nami niliendelea kuifuta.

"Labda, mzee," akasema mwishowe.

Wiki ile ile alifunga nguo zake akaenda Bunda, kupima pamba. Kiriba hakurudi, kwa aibu. Mzee simlaumu, alihukumu alichokiona.

Miezi ikapita. Siku moja mzee akitafuta brashi aliumwaga mkebe, akaokota nusu ya kijiti yenye rangi yangu ya kucha ubavuni. Akakileta kile kibao kilichoungua, akakilaza kijiti pale. Kilienea kama kilikatwa kwa ajili yake.

"Binti, mimi nilikosa kwa kutoona," akasema taratibu. "Wewe uliona. Nenda Bunda."

Sikwenda. Nilisema wiki ijayo, nikasema baada ya mavuno, nikasema mvua zikikatika. Redio mpya za bei rahisi zikaanza kuingia, watu wakaacha kutengeneza za zamani. Mzee akafariki. Meza ikabaki yangu peke yangu. Siku nyingine nilikuwaga nageuka nimuulize mtu kitu, hakuna mtu.

Nilipokwenda hatimaye, nilimkuta Magesa mizanini, mvi zimeshaanza. Nikamwambia yote. Alinisikiliza, akaniletea chai na viazi vitamu.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Kibao nimekichoma mwenyewe, nisijue palivyobana?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, ingekuwa kesi. Ungesema wewe, ingekuwa kosa tu, tukachora kingine."

"Rudi basi. Meza ipo."

Akatazama mizani. "Dada, mama amekufa akijua mwanawe ndiye aliyeunguza amplifaya ya kanisa. Narudi kwa nani?"

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alinisindikiza mpaka stendi, akanipungia mkono, na sijamwona tena.

Mwanangu, sijui kama kijiti kizima kingeushinda unyevu ule. Pengine kibao kingeungua vilevile. Mvua zile zilikuwa kubwa. Sitajua kamwe. Ninalolijua ni hili: alama ile nyekundu usiizime. Huyo ni mtu aliyewahi kuunguza kitu, anakuonya. Tundu likikataa kuenea, tafuta bamba kubwa au punguza kingine, nafasi usiipunguze. Kibao kinaweza kuimba kiangazi chote, kikakusubiri masika. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo, mwenzako akiwa bado anakutazama. Usiendelee kufuta meza iliyo safi.

Mungu akupe mkono mtulivu na ulimi usiochelewa. Akupe na mwenzako wa meza, na siku akikuuliza mbona pamebana, akupe moyo wa kufuta na kuchora upya. Nawe ukija tena, mwanangu, lala hata siku moja.