Kabureta Niliyodai Imeibwa

Mnisamehe mwandiko na herufi zilizokosewa; niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea klachi kuliko kalamu.

Juzi bodaboda yangu ilianza vituko. Nikisimama kwenye foleni Kariakoo, muungurumo unapanda, unashuka, kisha inazima. Nikabadilisha plagi, wapi. Wenzangu kijiweni wakanijaza maneno: "Dogo, yule fundi aliyekufanyia sevisi kakubadilishia kabureta." Mimi nisiyeweza hata kubishana na abiria, nikaenda mtaa wa Gerezani kumvaa fundi huyo, Mzee Salumu, mbele ya wateja wake.

"Shikamoo. Naomba kabureta yangu uliyoniibia."

"Marahaba."

Mteja mmoja akaanza kuisukuma pikipiki yake aondoke. Mzee akamtazama, kisha akafungua boksi la hewa la pikipiki yangu na kuvuta kitambaa kilicholowa. Ilikuwa chupi yangu kuukuu. Nilikuwa nimeziba nayo tundu la hewa nilipoiosha pikipiki, maji yasiingie, nikasahau kuitoa.

Akaining'iniza kwenye bisibisi.

"Na hii, mwanangu, nayo nilikuibia?"

Kama umewahi kumwomba fundi msamaha huku umeshika chupi yako, tafadhali niandikie. Ulianzaje?