Kitanda Kilichotengenezewa Ndani

Kitanda chetu hakikuingia kwa mlango. Fundi seremala alikuja na mbao akakitengenezea chumbani, kwa gundi na misumari, kipana kuliko vyote nilivyowahi kuviona mtaani Majengo. Alimshauri mume wangu, "Mzee, tuweke skrubu. Siku mkihama mtakifungua."

Mume wangu akacheka. "Tunahamia wapi sisi?"

Tulilala sita humo, sisi wawili na watoto wanne. Chumba kilikuwa kile kikubwa cha mbele, chenye mlango wa ukumbini na mwingine wa barazani, yote miembamba. Miaka hiyo mtu aliyetafuta chumba alikuja na mke, watoto, na mara nyingi mama yake mzazi. Mwenye nyumba, bibi mmoja mwenye ulimi mwepesi, aliwatazama wote mlangoni, kisha akaamua kama watatosha.

Mume wangu alipofariki tulimzika kwao mlimani, Mwika, kihambani, shamba la ukoo, kati ya migomba. Mjini unga na sukari vilikuwa vya foleni. Mama mkwe akaniambia, "Waache watoto hapa. Ndizi hazina foleni." Nikawaacha wote wanne. Nikarudi kwenye kazi yangu ya kuchambua kahawa kiwandani, nikafungua mlango, nikakiona kile kitanda. Sikuweza kukaa. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi, nikaenda sokoni bila kikapu, nikarudi, nikatoka tena.

Majirani wengi nao walikuwa wamepeleka watoto mlimani au mikoani kwao. Ungedhani vyumba vingebaki vitupu. Haikuwa hivyo. Watu waliozoea kubanana kwenye chumba kimoja sasa kila mmoja alitaka mlango wake: kijana wa kiwandani, karani, baba aliyemwacha mke shambani. Kila jioni ilikuwa hodi. "Mama, kuna chumba? Niko mwenyewe tu." Wote walisema hivyo, kama vile ni sifa.

Mwenye nyumba alizisikia hodi hizo kuliko mimi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hivi kitanda kile unalalia upande gani? Au unazunguka kama mshale wa saa?" Alicheka, kisha akaacha. "Nataka kupiga hadibodi katikati. Upande wa barazani nipate mpangaji."

"Watoto wanarudi shule zikifunguliwa," nikamjibu.

Ulikuwa uongo. Sikuwa nimempangia mtoto yeyote safari. Shule zilifunguliwa, nikamwambia muhula ujao, naye akanivumilia. Kwangu chumba kikikatwa, wanangu hawana tena pa kurudi, na mimi siyo mama wa mtu, ni mpangaji tu.

Jumamosi moja nilipanda Mwika na sabuni na mafuta ya taa. Binti yangu mkubwa alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Nikamwuliza, "Utarudi mjini na mimi?"

Aliendelea kukata. "Na kwa baba atafagia nani?"

Kaburi lilikuwa safi kuliko uwanja wa nyumba.

"Lakini kitanda usikitoe, mama," akasema.

Jumatatu nilimwambia mwenye nyumba ukweli, kwamba watoto hawarudi, na kwamba nilijua hivyo tangu mwanzo. "Mwanangu, mimi nilijua kabla yako," akasema, akamtuma mtu kumwita fundi.

Alikuja yuleyule, sasa na mvi. "Nilimwambia marehemu tuweke skrubu," alianza, kisha akaniona uso, akaanza kupima. Msumeno ulipita katikati, kati ya upande wa mume wangu na wangu. Akaongeza miguu. Aliponiuliza nusu gani ibaki kwangu, nikamwonyesha ya mume wangu. Sijui kwa nini, maana niliyoizoea ni ile nyingine. Nilitaka ile nyingine ipasuliwe kuni.

"Kuni?" mwenye nyumba alidakia. "Mpangaji mwenzio anakuja na sanduku la bati tu, wewe upikie kitanda? Iache."

Basi ikabaki upande wa barazani, hadibodi ikapigwa katikati, na mpangaji akaja: msichana wa Singida, kibarua wa kiwanda cha sukari. Asubuhi yake ya kwanza tulikutana bombani.

"Shikamoo, mama. Samahani kama nakusumbua, nageukageuka sana. Sijawahi kulala peke yangu. Kwetu tulilala watano."

"Marahaba," nikasema, nikachukua ndoo yangu nikaondoka.

Jumamosi iliyofuata nilipanda tena. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi imeshuka mpaka mjini. Binti yangu alikuwa akifagia kaburini. Hakuacha kufagia aliponiuliza kama kitanda kipo.

Ningeweza kusema kipo.

"Nimekikata," nikamwambia. "Nusu analalia msichana mwingine. Ametoka mbali, hana mtu hapa."

Alisogeza majani makavu ya mgomba mpaka pembeni, akayarundika, akarudi kunitazama.

"Ana blanketi?"

Nikasema sijui. Na kweli sikujua. Wiki nzima nilikuwa nikisikiliza nusu ile ya kitanda ikilia nyuma ya hadibodi, na sikuwa nimepiga hodi.