Nilivyotumwa Kaohsiung Kukataa Posa

Ukoo wetu wa Ulyankulu, mkoani Tabora, haukunituma Taiwan kutalii. Ulinituma kukataa posa. Konsolata, binti wa kaka yangu Zakaria, alikuwa amemaliza masomo yake ya kilimo huko, na kijana mmoja wa hukohuko, jina lake Wei, alikuwa ameomba kumwoa. Kaka alikaa na wazee mchana kutwa wakaafikiana kwamba haiwezekani: ni mbali, hatuwajui, na ni wageni. Sikuwakumbusha kwamba sisi wenyewe tuliingia Ulyankulu na mafurushi kichwani tukitokea Burundi, na hapakuwa na aliyetujua. Shangazi hatumwi kukumbusha. Hutumwa kusema lile ambalo wanaume wanaona aibu kulisema.

"Neno ni moja tu," kaka aliniambia. "Hapana. Liseme kwa heshima mbele ya mama wa kijana, kisha urudi."

Tiketi walikuwa wameituma haohao niliokuwa naenda kuwakataa. Kaka hakuona kasoro yoyote hapo.

Kutoka Tabora nilipanda treni kwenda Dar es Salaam. Reli ile karibu yote inafuata njia ya misafara ya zamani, ambako Wanyamwezi walitembea miezi na pembe za ndovu mabegani. Mzigo wangu ulikuwa neno hapana peke yake, na bado kufika Dodoma mabega yalikuwa yananiuma. Kuhusu ndege sina mengi. Nilisali rozari kwa sauti mpaka abiria wa pembeni, ambaye sidhani kama alikuwa Mkristo, akaanza kuitikia.

Kaohsiung ni mji wa bandari kusini mwa kisiwa. Konsolata alinipokea uwanja wa ndege, akapiga goti mbele ya umati: "Shikamoo, shangazi." Nikaitikia marahaba huku moyo ukinisuta. Nyuma yake alisimama kijana mrefu mwenye haya, naye akasema shikamoo, akaitamka vizuri kuliko wajukuu zangu. Kesho yake Wei alikuwa na zamu kazini, na nadhani aliishukuru sana zamu ile.

Asubuhi hiyo mama yake alikuja kutuchukua ili anitembeze mjini. Mama Wei ni mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka na kofia ya jua. Mimi sijui Kichina, yeye hajui Kiswahili. Kila neno lilipaswa kupita kinywani mwa Konsolata. Yaani tulikuwa tumempa bibi harusi kazi ya kutafsiri maneno ya kuvunja harusi yake. Wazee wetu walifikiria mengi mchana ule, hilo hawakulifikiria.

Kituo cha kwanza kilikuwa bwawa la mayungiyungi, penye minara miwili. Mmoja una joka mlangoni, mwingine una chui milia, wote wameachama. Desturi ni kuingia kwa kinywa cha joka na kutoka kwa kinywa cha chui, na mikosi yako yote inageuka bahati. Mimi ni Mkatoliki, kwa hiyo niliingia kukwepa jua. Tulipotokea kwenye meno ya chui nikaona hapa ndipo mahali pa kusema. Nikasimama wima, nikasema kwamba ukoo wetu unawashukuru, unawaheshimu, lakini binti hatumtoi mbali namna hii. Nilisema kwa kirefu, kama katekista siku ya Pasaka.

Konsolata akatafsiri. Maneno matatu, labda manne.

Mama Wei akatabasamu, akanishika mkono, akanipeleka kwenye kibanda kuninunulia maziwa yaliyosagwa na papai.

Adhuhuri tulifika mtaa wa vyakula. Kwanza ilikuwa chapati ya mayai na chaza, kisha vidonge vya viazi vitamu vilivyovimba kwenye mafuta, halafu harufu moja ikatusimamisha. "Shangazi, hii usipoiweza uiache," Konsolata aliniwahi. Ni maharage ya soya yaliyogandishwa kama jibini, yakaachwa yavunde, yakakaangwa. Wazungu wawili walikuwa wanapita huku wameziba pua. Mimi nilinusa muhogo uliolowekwa siku nyingi ndani ya pipa, nyumbani kwetu, nyuma ya jiko. Nikala sahani nzima. Mama Wei alinitazama, uso ukabadilika, kisha naye akaanza kusema. Alisema sana, bila kucheka, akikata hewa kwa kiganja.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema karibu sana, ule usione haya," alijibu Konsolata, akitazama sahani.

Nikacheka kwa adabu. Mama Wei akaniangalia kama mtu aliyepigwa kofi, kisha akaagiza sahani nyingine.

Alasiri tulivuka kwa kivuko hadi kisiwa kidogo cha Cijin, ambako ngisi wanachomwa kando ya barabara. Foleni ilikuwa ndefu. Konsolata akaenda kusimama, sisi tukabaki kwenye benchi tumetazama meli. Mara Mama Wei akatoa simu yake, akainong'oneza, akanielekezea. Simu ikasema Kiswahili, kwa sauti nzito kama ya mtangazaji wa redio: "Familia yangu ilinituma nikuambie hapana. Nimesema wakati wa chakula. Wewe ukacheka. Kwa nini?"

Nilipopata pumzi nikaisogelea simu. "Na mimi nimetumwa kukuambia hapana. Nimesema pale kwenye kinywa cha chui. Wewe ukaninunulia maziwa ya papai."

Simu ikamweleza. Tukacheka sote wawili mpaka kofia yake ikaanguka na watu wakageuka kututazama.

Alipojifuta machozi akasema tena, polepole. "Baba yangu alikuja kisiwa hiki akiwa askari, kutoka ng'ambo. Alidhani atakaa kidogo. Ndugu za mama wakasema, huyu ni mgeni, hatumjui. Wakamkataa."

"Ikawaje?"

"Nikazaliwa mimi," simu ikajibu.

Nami nikamweleza jinsi mama yetu alivyofika Ulyankulu akiwa amembeba Zakaria mgongoni, tukafyeka msitu, na mwanamke wa Kinyamwezi asiyetujua akatupa mbegu zetu za kwanza za mahindi. Sijui simu ilitafsirije. Ninachojua ni kwamba alishika mkono wangu, na hakuuachia.

Konsolata alirudi na ngisi, akaiona simu kati yetu. Rangi ikamtoka. "Shangazi..."

"Kaa tule," nikamwambia. "Umetafsiri vizuri sana."

Akaketi, akalia. Mama Wei akamrarua ngisi yule, akampa kipande kikubwa kuliko vyetu.

Nilirudi Ulyankulu vumbi la kiangazi limejaa barabarani. Wazee walikuwa wananisubiri, na kaka hakunipa hata maji kwanza.

"Ulisema?"

"Nilisema. Tena kwa heshima."

"Wakasemaje?"

"Na wao walisema hapana."

 Kaka akasimama. "Wao? Wamkatae Konsolata? Msomi yule, mcha Mungu, mchapakazi! Wana nini hao cha kumkataa binti yetu?" Mzee mmoja akasema ni dharau. Mwingine akasema dharau kama hiyo haivumiliki, lazima waje waone binti alikotoka ndipo wapate akili. Mimi niliwaacha wachemke kwanza, ndipo nikawaeleza yaliyobaki, ya benchi na ya askari. Kaka alisikiliza akiwa ameinama.

Katika safari ile nilijifunza kwamba watu wengi tunaowaogopa kwa kuwa hatuwajui, nao wamekaa kikao kutuogopa sisi. Kesho yake asubuhi nilimkuta Zakaria nyuma ya nyumba, kifua wazi, jembe mkononi, ndani ya shimo lililomfika kiunoni.

"Unachimba nini, kaka?"

"Choo," akasema bila kuinua uso. "Cha wageni. Wale ni watu wa mjini."