Alpha channel ilivyonipeleka Murungu kusogeza nyumba ambayo haijajengwa

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi huwa nasoma tu humu na kupita. Leo naandika kwa sababu kuna mdau kwenye uzi mwingine kauliza kwa nini picha yake ya 3D, akiibandika juu ya picha nyingine, inakuja na boksi jeusi. Nilianza kumjibu kule, jibu likawa refu, nikaona nifungue uzi wangu.

Chumvi sitii. Nimechoka hata kudanganya.

Mwaka 2013 nilikuwa na studio Kasulu mjini. Studio jina tu, kilikuwa chumba kimoja chenye desktop moja, printer, na laptop ambayo betri yake ilifanya kazi ikijisikia.

Kazi kubwa ilikuwa video za harusi. Pete za 3D zinazunguka, majina ya maharusi yanachomoza kwenye maua, mnazijua. Watu wa Kasulu walizipenda mno zile pete. Mimi nilizichukia kimyakimya.

Pete hizo nilikuwa nazirender, yaani kompyuta inazichora, kwenye background nyeusi, halafu kwenye compositing, kule kubandika picha juu ya picha, naiambia programu iondoe kila cheusi. Pete ni dhahabu, inang'aa, inatoka safi. Nikazoea hivyo, nikajiona fundi.

Ndipo akaja kaka Meshaki.

Meshaki ana duka la spea za baiskeli pale mjini, ila kwao ni Murungu, kule Kibondo. Baba yake alishafariki. Mama anaishi peke yake kwenye nyumba ya udongo ambayo ukuta mmoja ulikuwa umeshaanza kuinama.

Meshaki alitaka kumjengea ya tofali za kuchoma, bati la rangi, madirisha ya vioo vyeusi kama wanavyopenda siku hizi. Mama hataki. Kila akiambiwa anajibu kwamba hapo alipo panamtosha.

"Nitengenezee hiyo nyumba kwenye kompyuta, uiweke juu ya picha ya kiwanja chetu," akaniambia. "Akiiona kwa macho atakubali. Mvua zikianza ule ukuta utamwangukia, fundi. Mimi silali."

Nilimwelewa kabisa. Nina mama pia.

Akanipa picha ya kiwanja aliyopiga kwa simu, akanionyesha kwa kidole: hapa, kwenye tambarare. Pale palikuwa na kitu cha simenti, kimemezwa na majani. Nikauliza ni nini. Akasema, "Hicho achana nacho."

Nikaachana nacho.

Nikamodel, nikarender, umeme unakatika, naanza upya. Background nyeusi kama kawaida yangu. Nikasave JPEG, nikaondoa cheusi, nikaprint. Kuikagua sikuikagua, kwa sababu gari la Kibondo lilikuwa linaondoka na Meshaki yuko mlangoni ananihimiza.

Alirudi kanuna.

Wakuu, vioo vya madirisha vilikuwa vyeusi. Mlango niliuacha wazi na ndani nikaweka giza. Programu iliondoa vyote, kama nilivyoiagiza. Nyumba ikawa na matundu, na kwenye tundu la mlango, katikati kabisa, kinaonekana kile kitu cha simenti.

Kina msalaba.

Lilikuwa kaburi la baba yake.

Mama aliitazama ile karatasi, akamrudishia mwanawe, akaingia ndani. Hakumsemesha tena mpaka anaondoka.

Nikamuuliza Meshaki, kwani mama hukumwambia nyumba inakaa wapi? Akasema fundi ujenzi alishapima, tambarare ni pale tu, kwingine kote ni mteremko na msingi wake ni balaa. Mpango ulikuwa kulihamisha kaburi, na mama angeambiwa taratibu akishaikubali nyumba.

"Sasa rekebisha lisionekane," akasema. "Halafu twende wote ukamwambie kompyuta ilikosea."

Nilitamani kukataa. Lakini matundu niliyaweka mimi, na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya.

Mdau uliyeuliza, soma hapa.

Picha ya kawaida ina channel tatu: nyekundu, kijani, bluu. Alpha ni ya nne, na yenyewe haina habari na rangi. Inasema tu wapi kuna kitu na wapi hakuna. Nyeupe ni nyumba, nyeusi ni hewa, kijivu ni kwenye kingo. Kioo cheusi cha dirisha, kwenye alpha ni cheupe, kwa sababu kipo.

Kwa hiyo usihangaike kuondoa rangi. Kwenye render settings fanya anga liwe transparent, halafu save PNG yenye RGBA, yaani zile rangi tatu pamoja na alpha. JPEG haibebi alpha hata uiombe vipi. Kivuli kirender peke yake, kiwe na layer yake, yaani tabaka lake, na alpha yake.

Ukiona kimstari cheusi kinazunguka bati, angalia premultiply, yaani rangi imeshazidishwa na alpha, na programu inaizidisha tena. Hicho kimstari kilinitesa mpaka nikawa naongea peke yangu. Sina hamu nacho.

Basi ikatoka safi. Kaburi huoni hata dalili yake. Nilitakiwa nifurahi, ila nilivyoiangalia roho haikutulia.

Tukaenda Murungu. Mama akatupokea vizuri, akatupa ugali wa muhogo na maharage, maneno machache. Tulipomaliza kula nikafungua laptop juu ya stuli.

Meshaki akaanza: "Mama, ile ya kwanza kompyuta ilikosea."

Mama hakumwangalia. Akanigeukia mimi, akaniita mwanangu kwa Kiha. "Mwana wanje, hii nyumba inatoka?"

Sikumwelewa.

"Itoe. Nione."

Meshaki akanikazia macho. Nikazima layer ya nyumba. Kikabaki kiwanja, migomba, majani, na kaburi.

"Rudisha."

Nikarudisha. Kaburi likapotea.

"Toa tena."

Nikatoa. Akakaa akiangalia. Halafu akauliza, "Na kusogea, inasogea?"

Inasogea. Nikaiwasha, nikaivuta pamoja na kivuli chake. Akawa ananiambia endelea, endelea. Nikaenda hadi kwenye mteremko, juu ya mibuni.

"Hapo."

Upande mmoja wa nyumba ulikuwa unaning'inia hewani. Kaburi lilikuwa mbele ya mlango, peupe.

"Mama, hapo ni mteremko," Meshaki akasema. "Na mibuni itakatwa."

"Mibuni nilipanda mimi. Kateni." Ndipo akamtazama mwanawe. "Tambarare hapa ni moja tu. Nilijua tangu mwanzo mtaiweka wapi. Mimi sikukataa nyumba, Meshaki. Nilikataa kulala juu ya baba yako."

Meshaki akavua kofia, akajifunika nayo uso. Mtu mzima yule alilia. Mimi nikajifanya nashughulika na laptop, lakini hata skrini nilikuwa siioni vizuri.

Msingi uliwatoa jasho, mawe yalibebwa kutoka bondeni, lakini nyumba ilisimama palepale alipoonyesha mama. Mvua zilipochanganya, ule ukuta wa udongo ulianguka kweli. Ulikuta kitanda kimeshahamishwa.

Nilichojifunza: alpha itengeneze kwenye render, usiitafute baadaye kwa kubahatisha rangi. Na kabla hujafunika kitu kwenye picha ya kiwanja cha watu, muulize anayeishi pale.

Haya wadau, uwanja wenu. Wa maswali ya alpha aulize, nitajibu nikipata nguvu. Na ambaye amewahi kuletewa kazi na mtoto huku atakayekaa nayo ni mama, atuambie yeye alimsikiliza nani.