Uzi wa Tumbaku Kutoka Tokyo

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa hajawahi kupanda ndege, na hilo si kosa. Hata sisi ndege tuliyoijua ni ile ndogo iliyotua mara moja moja kwenye uwanja wa changarawe wa Mpanda, watoto wa Makanyagio wakaikimbilia. Kosa lake ni kwamba alijiona rubani.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa kidato cha nne. Ilikuwepo nafasi moja tu ya kwenda Sumbawanga, makao makuu ya mkoa wetu wakati ule, kushindana hesabu na shule nyingine. Mchujo ulitubakiza wawili: mimi na msichana mmoja wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, aliyenizidi akili kwa mbali. Swali la mwisho lilikuwa la ndege. Inaruka kutoka Tokyo kwenda Los Angeles, ikifuata mstari mmoja wa latitudo. Tafuta njia fupi.

Msichana akaanza. Ubaoni akaandika digrii mia moja na mbili.

Mwalimu akacheka mpaka mabega yakatikisika. Akachomoa mfukoni uzi wa kufungia tumbaku, maana ndio uliokuwa rula yake, akaunyoosha kwenye ramani ya ukutani kutoka Japani, ukingo wa kulia, hadi Amerika, ukingo wa kushoto. Uzi ukapita China, Uajemi na Atlantiki nzima.

"Mia mbili hamsini na nane!" akasema. "Huo ndio umbali."

"Mwalimu, dunia ni duara," msichana akajibu kwa adabu. "Ramani imekatwa tu hapo pembeni. Ndege inavuka Pasifiki, inatokea Amerika."

"Kwa hiyo ndege itoke nje ya ramani? Nyie wa Katumba mna dunia yenu?"

Debe tupu haliachi kuvuma. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka, tena kwa sauti.

Msichana akanigeukia. "We mwenzangu, si unajua? Waambie basi."

Nilijua. Wiki moja kabla alikuwa amenikalisha nje ya darasa na chungwa na kalamu, akanichorea mistari kwenye ganda, akanizungushia mpaka nikaelewa. Alinifundisha bila kinyongo, ingawa nafasi ilikuwa moja.

Nikaenda ubaoni. Nikaandika mia mbili hamsini na nane, nikazidisha mpaka nikapata kilomita, kwa mwandiko mzuri kabisa, halafu nikapiga mstari chini ya jibu. Mwalimu akaamuru nipigiwe makofi matatu. Msichana naye akapiga, kwa sababu kutopiga kulikuwa na fimbo.

Namdharau mwalimu yule mpaka leo, yeye na uzi wake. Lakini lazima nimtendee haki: alikuwa hajui. Mimi nilijua, nikaenda Sumbawanga.